Kususiana na Kuridhiana: Mapambano Yasiyo ya Nguvu na Usuluhishi katika Historia ya Kaskazini Pemba

Utangulizi

Kaskazini kabisa ya kisiwa cha Pemba, katika rasi inayoishia Kigomasha, upo mji wa Msuka. Katika mgawanyo wa utawala mji huu ni shehia mbili za Wilaya ya Micheweni, Msuka Mashariki na Msuka Magharibi. Katika maandishi ya mambo ya kale hutajwa zaidi kwa ajili ya magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, ambao ndani ya mihirabu yake umechorwa mwaka 816 wa Hijria, yaani 1413 au 1414 wa Miladia. Kwa karne zisizopungua sita, basi, watu wa upande huu wamekuwa wakisimama safu moja kusali, wakivua bahari moja na kuzikana katika ardhi moja.

Mhadhara huu unahusu elimu ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa ni ngeni katika miji ya namna hii: elimu ya kupambana bila ya kutumia nguvu na kupatanisha waliogombana. Tangu miaka ya 1990 elimu hiyo imekuwa ikiletwa Zanzibar kwa semina, warsha na vijitabu, na mara nyingi hufundishwa kana kwamba wanaofundishwa ndio kwanza wanaisikia. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti. Watu wa Pemba wameyajua mapambano yasiyo ya nguvu kwa muda mrefu, na wameyatumia kwa ufanisi mkubwa na kwa madhara makubwa vilevile. Walichokosa mara kwa mara ni namna ya kuyafunga baada ya kuyafungua. Silaha yenyewe waliijua vizuri. Historia ya jambo hili imehifadhiwa katika matukio, na pia katika maneno ya Kiswahili ambayo watu waliyatumia kuyataja matukio hayo. Kwa hiyo uchambuzi wa maneno utakwenda sambamba na uchambuzi wa historia.

Kaida ya kuzikana

Ili kufahamu uzito wa mambo yatakayofuata, ni lazima kwanza kufahamu nafasi ya mazishi katika mji wa Kiswahili. Kwa sheria ya Kiislamu, kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi kifaya: wakilitimiza baadhi ya watu, wengine husalimika, wakiliacha wote, wote hupata dhambi. Sheria inahitaji watu wachache tu. Kaida ya mji, hata hivyo, inawataka wote. Habari ya msiba ikitoka, mvuvi hughairi safari ya bahari na mkulima huliacha jembe. Wanaume huchimba kaburi na kupokezana jeneza begani. Wanawake hukusanyika nyumba ya msiba, hupika na hukaa na wafiwa. Ubani hutolewa na kila mtu kwa uwezo wake. Hapana anayealikwa, na hapana anayeulizwa sababu ya kuja. Anayeulizwa ni yule asiyekuja.

Ndiyo maana kitenzi zika, kikivaa kiambishi cha kutendana, hupata maana ambayo haielezeki kwa mantiki ya kawaida. Watu wawili hawawezi kuzikana kwa maana ya moja kwa moja, kwani atakayetangulia hatamzika atakayebakia. Lakini kauli “sisi na wao tunazikana” inafahamika na kila mtu: ni watu wa mji mmoja, na ugomvi wao, hata uwe mkubwa vipi, una mpaka. Kuzikana ni ahadi inayofungwa na wote na kutimizwa na watakaobaki.

Juu ya msingi huo ndipo uliposimama usuluhishi wa kienyeji. Ugomvi wa mpaka wa shamba, wa mkarafuu uliorithiwa na ndugu wengi, wa nyavu zilizokatwa au wa mke na mume haukuanzia mahakamani. Ulianzia kwa mzee wa ukoo, ukapelekwa barazani, ukafika kwa sheha au kwa imamu, na hatimaye, uliposhindikana, kwa kadhi. Mafundisho ya dini yaliunga mkono utaratibu huo: Sura ya 49 ya Kurani, katika aya ya 9 na ya 10, inaamrisha kuyasuluhisha makundi ya waumini yanayopigana, na Sura ya 4, aya ya 35, inaagiza mke na mume wanaogombana wawekewe waamuzi wawili, mmoja kutoka kila upande. Hata dola ya kisasa iliutambua utaratibu huo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya Zanzibar, Namba 1 ya 1998, ilimpa sheha jukumu la kupokea na kusuluhisha migogoro ya kijamii na ya kifamilia kwa kufuata mila na busara za mahali pake.

Tatizo ni kwamba sheria hiyohiyo ilimfanya sheha kuwa mkono wa mwisho wa Serikali katika mji. Mtu mmoja akatakiwa awe msuluhishi wa wote na mwakilishi wa upande mmoja, jambo ambalo lilikuja kuwa zito wakati upande huo ulipokuwa ndio unaogombewa.

Susa, susia, susiana

Neno kuu la mapambano yasiyo ya nguvu katika Kiswahili cha Zanzibar ni kususia. Asili yake ni kitenzi susa, na mfano wa kwanza unaomjia kila mzungumzaji ni wa mtoto aliyesusa chakula. Mfano huo una mafunzo. Mtoto anayesusa ana njaa, na chakula ni chake. Anakikataa ili aonekane kuwa ameudhika. Tena mtu hasusi kwa watu asiowajua. Mgeni akikataa chakula, husemwa kuwa amekataa tu. Kususa ni haki ya aliye wa nyumbani, na ndani yake mna matarajio kwamba yupo atakayekuja kumbembeleza. Kwa ufupi, anayesusa hajakata undugu, anaudai.

Kauli ya kutendea, susia, inaongeza kitu au mtu anayekusudiwa: kususia uchaguzi, kususia kikao, kususia duka. Hapa kitenzi kinatoka jikoni na kuingia katika siasa, lakini kinabeba kumbukumbu ya asili yake: kinachosusiwa ni kile ambacho msusiaji ana haki nacho.

Kauli ya kutendana, susiana, ndipo hatari inapoingia. Mmoja akisusa, mwingine hubembeleza. Wakisusiana wote wawili, nani atambembeleza mwenzake? Sarufi yenyewe inaonesha kwamba hali hiyo haiwezi kujitatua. Inahitaji mtu wa tatu. Na kwa hakika, vitenzi vya Kiswahili vinavyotaja kazi ya mtu huyo vinabeba kiambishi cha kusababisha: patanisha, suluhisha. Wa kwanza anawafanya wengine wapatane, wa pili anawafanya wawe na suluhu. Mchambuzi wa historia ya Pemba anaweza kuyasoma maneno haya matatu, kususa, kususiana na kusuluhishwa, kuwa ni ngazi tatu za jambo moja. Kila mara ngazi ya tatu iliporukwa, mji uliumia.

Mgomo wa karafuu, 1937 hadi 1938

Mfano wa mwanzo ulio wazi zaidi wa ususiaji ulioandaliwa na kufanikiwa Zanzibar ulihusu karafuu, zao ambalo sehemu yake kubwa hutoka Pemba. Mwaka 1934 Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria kadhaa zilizokusudiwa kuwanusuru wakulima na madeni, na ikakipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka makubwa katika biashara hiyo. Mwaka 1937 mamlaka hayo yakaongezwa. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao ndio waliokuwa wakinunua na kusafirisha karafuu, waliona kuwa wanafukuzwa sokoni kwa nguvu ya sheria. Hawakupigana. Walisusia. Chama cha Indian National Congress kikawaunga mkono, na India, iliyokuwa soko kubwa la karafuu za Zanzibar, ikaacha kuzinunua.

Si jambo la kushangaza kwamba mbinu hiyo ilitoka upande huo. Mohandas Gandhi, ambaye meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar mwaka 1893 alipokuwa akielekea Natal, alikuwa amekwisha kuijenga kwa miongo mitatu, kwanza Afrika ya Kusini kisha India. Mwaka 1938 yalifikiwa makubaliano, sheria zikalegezwa na biashara ikarejea.

Mkasa huu haufai kusimuliwa kama hadithi ya ushindi mtupu. Mkulima mdogo wa Pemba, ambaye hakuwa upande wowote katika ugomvi huo, alikuwa na karafuu zisizo na mnunuzi. Hata hivyo kuna mambo matatu yanayoutofautisha mgomo huo na mengi yaliyofuata. Kwanza, ulikuwa na lengo linalotajika: sheria fulani ibadilishwe. Pili, ulikuwa na mpaka: ulihusu biashara ya karafuu, si salamu wala mazishi. Tatu, ulikuwa na mlango wa kurudi: siku sheria itakapobadilishwa, watu watauziana tena. Wapagazi na wafanyakazi wa bandarini waliogoma mjini Unguja mwezi wa Agosti na Septemba 1948 kwa ajili ya mishahara nao walikuwa na mambo hayo matatu, na mgomo wao pia ulimalizika kwa mazungumzo. Lengo, mpaka na mlango wa kurudi: vigezo hivi vitatu vitatumika kupimia yaliyofuata.

Zama za Siasa

Wazanzibari huuita muda wa kutoka uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 hadi uhuru wa Disemba 1963 kwa jina la Zama za Siasa, kana kwamba kabla yake hapakuwa na siasa na baada yake hazikubakia. Katika miaka hiyo ususiaji ulitoka sokoni ukaingia mitaani. Wafuasi wa chama kimoja waliacha kununua katika maduka ya wafuasi wa chama kingine. Wenye mashamba waliwafukuza wakaazi waliokuwa wakilima chini ya miti yao. Watu walichagua basi la kupanda kwa kuangalia chama cha mwenye basi. Kisha likaja ambalo halikutarajiwa: watu wa mji mmoja wakaanza kuachiana misiba na kutengana katika sala.

Kwa vigezo vilivyotajwa, huu haukuwa mgomo. Haukuwa na lengo ambalo aliyesusiwa angeweza kulitimiza, isipokuwa kuacha kuwa alivyo. Haukuwa na mpaka, kwa kuwa ulifika kaburini. Wala haukuwa na mlango wa kurudi. Mwishoni mwa 1958, kwa juhudi za umoja wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na ya Kati, PAFMECA, viongozi wa vyama vikuu viwili vya Zanzibar waliletwa pamoja katika kamati moja, na kwa muda fitina zilipungua. Lakini suluhu hiyo ilifanyika kwa wakubwa na haikuteremka. Machafuko ya Juni 1961 yaliua watu 68, na yaliyotokea baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yanajulikana.

Haikusudiwi hapa kudai kwamba kususiana ndiko kulikoleta umwagaji damu. Sababu zake zilikuwa nyingi na nzito, za ardhi, za tabaka na za ukoloni. Linalodaiwa ni dogo zaidi lakini ni la hakika: watu waliokwisha kuacha kuzikana hawana tena mahali pa kusimamishia ugomvi wao.

Kutoka kisanduku cha kura hadi Januari 2001

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, kumbukumbu za Zama za Siasa zilirudi nao. Katika uchaguzi wa tarehe 22 Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Viti vyote 21 vya Pemba katika Baraza la Wawakilishi vilikwenda CUF. Chama hicho kiliyakataa matokeo ya urais na Wawakilishi wake wakalisusia Baraza.

Ususiaji huo wa Baraza ulikuwa na lengo na mpaka. Lakini katika miji na vijiji vya Pemba ulizuka mwengine. Sheha na wafuasi wachache wa chama tawala walinyimwa huduma ya duka na ya gari, hawakuitikiwa salamu, na misiba yao haikuhudhuriwa. Ndoa zilivunjika na misikiti ikagawanyika. Upande wa pili ulijibu kwa silaha alizonazo mwenye dola: kukamatwa, kufukuzwa kazi, kunyimwa vibali. Aliyekuwa na nguvu ya wingi aliitumia, na aliyekuwa na nguvu ya Serikali akaitumia yake. Mtu ambaye kwa kaida angekuwa msuluhishi, yaani sheha, sasa alikuwa ndiye wa kwanza kususiwa.

Ni haki kuueleza mvuto wa njia hii. Kwa mtu aliyeamini kuwa kura yake imeporwa, na ambaye hakuwa na bunduki wala hakimu, kutomwitikia salamu aliyemdhulumu ilikuwa ni sauti pekee aliyobakiwa nayo. Wanaofundisha mapambano yasiyo ya nguvu wangeiita nidhamu ya kupigiwa mfano: maelfu ya watu wameazimia jambo moja na kulishika kwa miaka bila ya kumpiga mtu. Lakini kisu kisichotoa damu nacho hukata. Mwenye kuumizwa na kususiwa hakuwa aliyetangaza matokeo, bali mjane wa mji uleule aliyehangaika kutafuta wabebaji wa jeneza.

Muafaka wa kwanza, uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola, ulitiwa saini tarehe 9 Juni 1999. Haukutekelezwa ipasavyo, na uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika. Lugha ya wakati ule inaonesha hali ilivyokuwa. CUF walijinadi kwa neno ngangari, na Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Omari Mahita, akajibu kuwa polisi wao ni ngunguri. Taifa zima lilicheka. Lakini maneno hayo mawili yanayofanana kwa sauti na kukaidiana kwa maana yalikuwa yakiwazoesha watu fikra kwamba siasa ni kupimana ugumu.

Tarehe 27 Januari 2001 CUF kiliitisha maandamano kudai uchaguzi urudiwe na katiba mpya iandikwe. Yaliitwa maandamano ya amani na Serikali iliyapiga marufuku. Watu walitoka Unguja na Pemba, na huko Pemba walitoka Chake Chake, Wete na Micheweni, mji mkuu wa wilaya iliyomo Msuka. Vikosi vya usalama viliwafyatulia risasi. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2002, lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa katika siku zile. Zaidi ya watu 2,000 walikimbia, wengi wao kwa mashua, wakauvuka mlango wa bahari wa Pemba hadi Shimoni, Kenya. Huko Micheweni askari polisi mmoja naye aliuawa na umati.

Lawama ya kuwapiga risasi raia ni ya aliyefyatua na aliyeamrisha, na haipunguzwi na jambo jingine lolote. Pamoja na hayo, kwa mwanafunzi wa somo hili, kifo cha askari yule kina funzo lake. Kuyaita maandamano ya amani hakutoshi kuyafanya ya amani. Abdul Ghaffar Khan, Mwislamu wa Kipashtuni aliyeanzisha jeshi lisilo na silaha la Khudai Khidmatgar mwaka 1929 katika mipaka ya kaskazini-magharibi ya India ya kikoloni, aliwaapisha wafuasi wake na kuwafunza kambini kabla ya kuwatoa barabarani. Mwezi wa Aprili 1930 wanajeshi wa Kiingereza waliufyatulia risasi umati katika soko la Qissa Khwani, Peshawar, na watu wake hawakurudisha mapigo. Weusi wa Montgomery, Marekani, walisusia mabasi kwa siku 381 katika 1955 na 1956, na pindi sheria ilipobatilishwa walifanya mazoezi makanisani ya namna ya kupanda tena na kukaa bila ya kujibu matusi. Walifunzwa namna ya kurudi kwa bidii ileile waliyofunzwa kuondoka. Pemba ya 2001 ilikuwa na ujasiri kama wa watu hao, lakini haikuwa imepata mafunzo kama yao.

Muafaka na maridhiano

Muafaka wa pili ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001. Uliunda tume ya pamoja ya kuusimamia, ukaahidi Tume ya Uchaguzi yenye wajumbe wa pande zote mbili na daftari la kudumu la wapiga kura. Mazungumzo ya awamu ya tatu yalikwama mwaka 2008. Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar bila ya mpatanishi wa kigeni. Kamati ya Maridhiano, iliyoongozwa na Mzee Hassan Nassor Moyo, ilifanya kazi ya kulieleza jambo hilo kwa wananchi. Baraza la Wawakilishi likaliridhia Januari 2010. Na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, ambapo asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo tofauti ya wagombea urais ilikuwa ndogo mno, asilimia 50.1 kwa 49.1, na hapakumwagika damu.

Mabadiliko ya neno yanastahili kuangaliwa. Muafaka ni nomino iliyokopwa kutoka Kiarabu na hutumika kama ilivyo, kama hati. Muafaka hutiwa saini, huvunjwa, huwekwa kabatini. Maridhiano nayo yana mzizi wa Kiarabu, ule wa radhi, lakini yamepita katika kinu cha sarufi ya Kibantu: ridhi, ridhia, ridhiana, maridhiano. Ndani ya neno hilo mna kiambishi -an- kilekile kilichomo katika kususiana na kuzikana. Muafaka unaweza kufanywa na wawili kwa niaba ya watu milioni moja. Maridhiano, kwa umbo lake, yanamtaka kila mmoja aridhike na mwenzake aridhike naye. Radhi, tena, ni neno linalotumika kwa mzazi na mtoto, na kwa mtu anayekaribia kufa anapoomba kusamehewa. Kwa watu wa Pemba neno hilo lilirudisha suala kaburini, mahali ambapo ugomvi ulikuwa umevuka mpaka. Watu walirejea kuhudhuriana misiba, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili yao kwamba jambo limekuwa la kweli.

Lakini maridhiano hayo yalikabidhiwa mno kwa viongozi. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulipofutwa siku tatu baadaye, na ule wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016 ukasusiwa na CUF, kususiana kulirejea Pemba kwa kasi, pamoja na vitendo vya kukata mikarafuu na kuchoma moto nyumba. Hapo mpaka kati ya kisichotoa damu na cha uharibifu ulivukwa. Katika mkesha wa uchaguzi wa Oktoba 2020 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza vifo vya wafuasi wake kisiwani humo. Disemba 2020, Maalim Seif, akiwa na chama hicho kipya, alikubali tena kuingia katika Serikali ya umoja, uamuzi uliowagawa wafuasi wake. Alifariki tarehe 17 Februari 2021.

Mwaka huohuo, katika ncha hiyohiyo ya kaskazini ya Pemba, lilitokea tukio dogo lenye maana. Mgombea wa CCM alitangazwa mshindi wa uchaguzi mdogo wa ubunge katika Jimbo la Konde mwezi wa Julai, ACT-Wazalendo wakayapinga matokeo, naye akajiuzulu kabla ya kuapishwa. Uchaguzi ulirudiwa Oktoba na ACT-Wazalendo wakashinda. Wengi walilitafsiri jambo hilo kuwa ni bei iliyolipwa ili maridhiano yasivunjike. Vyovyote iwavyo, kiti kilirudi kwa njia ya mazungumzo na kura, na mapanga yalibaki mashambani.

Stadi zinazofundishika

Historia hii inaonesha kwamba kinachohitaji kufundishwa katika mji kama Msuka si uzuri wa amani. Hakuna asiyeujua. Zinazohitajika ni stadi, na nyingi tayari zimo katika kaida. Kinachotakiwa ni kuzitaja, kuzipanga na kuwarithisha vijana ambao wamekulia katika miaka ya kususiana zaidi kuliko ya kuzikana.

Ya kwanza ni kupima mgomo kabla ya kuuanza, kwa vigezo vya lengo, mpaka na mlango wa kurudi. Wanaosusia waweze kujibu maswali matatu: tunadai nini, hatutagusa nini, na tutaacha lini. Jibu la swali la pili lianzie na maiti, mgonjwa, mzazi na mtoto wa skuli.

Ya pili ni stadi ya msuluhishi wa barazani: kuzisikiliza pande mbili kila mmoja peke yake kabla ya kuzikutanisha, kuficha alichoambiwa kwa hasira na kufikisha kilichosemwa kwa utulivu, kumtafutia mkosaji udhuru wa kurejea bila ya kuvunjiwa heshima, na kumchagua mjumbe ambaye damu yake imechanganya pande zote, kama mjomba au mkwe. Katika kazi hii wanawake wana nafasi ambayo aghalabu haiandikwi. Kwa kuwa wao ndio wanaokaa na wafiwa, wao ndio wanaojua nani hakuja, na mara nyingi ndio wa kwanza kupeleka sahani ya chakula kwenye nyumba iliyosusiwa.

Ya tatu ni elimu ya haki. Usuluhishi usiojua sheria huweza kuwa njia ya kumnyamazisha mnyonge. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992 na wanasheria akiwamo marehemu Profesa Haroub Othman, kilifungua njia kwa kuwafunza wasaidizi wa sheria watakaokaa miongoni mwa watu wao. Msaidizi wa sheria akikaa baraza moja na mzee wa mji, kila mmoja humsaidia mwenzake kuona asichokiona.

Ya nne, na ndiyo ngumu kuliko zote, ni kumpata mtu wa tatu. Maadamu sheha ni mwakilishi wa Serikali, hawezi peke yake kuwasuluhisha watu na Serikali hiyo. Mji unahitaji watu wanaokubalika na wote ambao hawakuteuliwa na yeyote, na wanahitaji kupatikana kabla ya uchaguzi, wala si baada yake.

Hitimisho

Imeoneshwa katika mhadhara huu kwamba mapambano yasiyo ya nguvu si mgeni Kaskazini Pemba. Ni jambo lenye historia yake, ushindi wake na makosa yake, na lugha ya Kiswahili imeyatunza yote matatu. Kususa kunadai undugu. Kususiana kunaukwamisha. Kusuluhisha kunaufungua, na kuridhiana hukamilika tu pale wahusika wenyewe, si viongozi wao pekee, wanapoafikiana.

Kwa wanafunzi wa lugha, hapa kuna kazi. Msamiati wa ugomvi na upatanisho katika lahaja za Pemba haujakusanywa kwa utaratibu, na wazee wanaoujua wanapungua kila mwaka. Kuukusanya kutawafaa wanaotunga kamusi, na kutawafaa zaidi watu wa miji hiyo watakapohitaji maneno ya kurudiana. Kwani mapatano yanaweza kuandikwa Unguja, Dodoma au London, lakini kipimo chake kimewekwa zamani na watu wa Msuka na wenzao: siku msiba utakapotokea katika nyumba ya mpinzani, ni nani watakaofika, na nani watakaopokezana jeneza.